Kuunganisha faili mbili za mti wa ukoo: Gramps, Legacy, RootsMagic au Family Tree Maker?

Kabla ya kuuliza programu ipi ni bora, jiulize faili zako mbili zimetokea wapi. Huenda wewe na binamu yako mlianza na faili moja, akachukua nakala yake, na tangu hapo kila mmoja anaongeza watu wa upande wake. Karibu kila aliyemo huku yumo na kule, na mara nyingi bado amebeba kitambulisho kile kile alichopewa siku alipoingizwa. Au huenda hamkuwa mkijuana kabisa: kila mtu kakusanya habari za ukoo wake kivyake, hadi mlipogundua kwamba mnakutana kwa mababu fulani huko juu. Hapo hakuna asili ya pamoja. Kuna watu wachache tu wanaofanana, tena wameandikwa kwa tahajia tofauti.

Programu inayomaliza kazi ya kwanza kwa dakika chache inaweza kukuharibia ya pili, na ile iliyo makini katika ya pili itakuchosha bure katika ya kwanza. Ndiyo maana hapa sizipangi programu nne kwa alama. Nazipitisha kwenye maswali yale yale, kisha naeleza ningechukua ipi kwa hali ipi.

Zote nne ni za kusakinisha kwenye kompyuta. Gramps ni ya bure na ya chanzo huria, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. RootsMagic na Family Tree Maker ni za kulipia, za Windows na Mac, ingawa RootsMagic ina toleo dogo la bure liitwalo Essentials. Legacy ni ya Windows, na tangu toleo la 10 inatolewa bure.

Kuingiza si kuunganisha

Programu hizi zinapopeana data hutumia GEDCOM, umbizo lililoanzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Toleo la 5.5.1, la mwaka 1999, bado ndilo utakalolikuta mahali pengi, la 7.0 lilitoka 2021. Ni maandishi matupu. Ukiifungua faili kwa kihariri cha kawaida utamwona mtu akiwa hivi:

0 @I12@ INDI
1 NAME Zainabu /Hamisi/
1 BIRT
2 DATE ABT 1921

Na katika faili ya binamu yako:

0 @I12@ INDI
1 NAME Zainab /Khamis/
1 BIRT
2 DATE 14 MAR 1922
2 SOUR @S3@

Kwanza tuondoe mtego mmoja. Wote wawili ni @I12@, lakini hiyo si dalili ya lolote. Ni namba ya foleni tu ndani ya faili husika. Katika jozi nyingine, @I12@ wa kwako atakuwa babu na @I12@ wa mwenzako mtoto mchanga. Programu nzuri hubadilisha namba hizo zenyewe zinapogongana. Anayenakili maandishi ya faili moja na kuyabandika chini ya nyingine ndiye anayepata mtoto aliyezaa wazazi wake.

Pili, angalia taarifa zenyewe. ABT maana yake ni kadirio. Huenda mzee fulani alisema "kama mwaka wa ishirini na moja hivi". Upande wa pili kuna tarehe kamili yenye chanzo. Ni dhahiri ipi itangulie, lakini si dhahiri kwamba nyingine itupwe, kwa sababu chanzo nacho kinaweza kuwa cheti kilichotolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Unachotaka ni programu itakayoweka zote mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na chanzo kikae na tarehe yake.

Kuingiza faili ya pili ndani ya ya kwanza huisha upesi katika programu zote nne. Ukimaliza, Zainabu wako wawili. Tofauti ya programu huanzia hapo, isipokuwa Family Tree Maker, ambayo huanza kukuuliza kabla hata data haijaingia.

Nani anaulizwa, na lini

Family Tree Maker ina amri mahususi ya kuunganisha faili mbili. Unafungua faili yako, unaielekeza kwenye ya pili, nayo inakuletea orodha ya watu inaodhani ni wamoja pamoja na kiwango cha kufanana. Unawapitia, unakubali au unakataa, na kwa kila taarifa unachagua iwe ya mbele, iwe mbadala, au iachwe. Mpaka hapo mti wako haujaguswa. Kwa anayeunganisha mara moja na hapendi kujifunza programu nzima, huu ndio utaratibu wenye staha kuliko yote.

Tatizo lake ni uchovu. Orodha ikiwa ndefu, jicho linachoka na kidole kinaanza kubofya "kubali" chenyewe. Tena kama mti wako umefungamanishwa na akaunti ya Ancestry, tovuti ya miti ya ukoo, kosa lolote litapanda mtandaoni mara tu utakaposawazisha. Fanya kazi kwenye nakala isiyofungamanishwa, uikague, ndipo uamue. Na usipoteze muda kutafuta kitufe cha kuunganisha miti miwili ndani ya tovuti ya Ancestry yenyewe. Hakipo, ndiyo maana wengi huishia kwenye programu ya kompyuta.

Gramps inakwenda kinyume. Unafungua mti wako, unaingiza faili ya pili, kila kitu kinamwagika humo, kisha unatumia zana ya kutafuta watu wanaoweza kuwa wamejirudia. Unachagua kama ukali wa utafutaji uwe wa chini, wa kati au wa juu, na inakupa jozi moja moja. Ukiifungua jozi, unaamua nani awe mtu mkuu. Jina na namba ya mkuu vinabaki, jina la mwenzake linakuwa jina mbadala, na matukio ya wote wawili yanakusanywa kwa mtu mmoja.

Yote yanakusanywa kweli. Zainabu wetu atatoka na kuzaliwa mara mbili, na kama faili zote mbili ziliandika ndoa ile ile, jiandae kuiona mara mbili. Gramps haiamui kwamba matukio mawili ni moja. Hilo ni lako. Unaweza kuyaunganisha matukio yenyewe, na vilevile mahali, vyanzo, maelezo na picha, kila kimoja kwenye orodha yake. Hakuna programu nyingine kati ya hizi inayokuruhusu kuingia ndani kiasi hicho, na hakuna inayokuachia kazi nyingi ya kufagia kiasi hicho.

RootsMagic na Legacy zinakaa katikati, na zina kitu ambacho zile mbili hazikisisitizi: kumhamisha mtu kwa kumburuta. Legacy inagawa skrini mara mbili, mti mmoja kushoto na mwingine kulia, ukiwa unaona ukoo wote wawili kwa pamoja. RootsMagic inakuuliza, ukishamchagua mtu, umpeleke yeye peke yake, au na waliomtangulia, au na kizazi chake, au wote waliomo. Kwa hali ya pili niliyoitaja juu, ile ya faili zisizo na asili moja, hili lina thamani kuliko kanuni yoyote ya kutafuta majina. Huhitaji faili nzima ya mtu usiyemjua, yenye wakwe wa wakwe zake. Unahitaji tawi linaloanzia kwa babu wa pamoja. Chukua hilo, na watu wa kulinganisha wanapungua kutoka maelfu hadi idadi ambayo mtu mzima mwenye kazi zake anaweza kuimaliza.

Majina ndiyo yanayokwamisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo programu zote zinapoyumba.

Ili kutambua kwamba Zainabu Hamisi na Zainab Khamis ni mtu mmoja, programu nyingi hutegemea Soundex au njia zinazofanana nayo. Soundex ni ya zamani, ina hataza za Marekani za mwaka 1918 na 1922, na ilitengenezwa kwa majina yanayotamkwa Kiingereza. Inachukua herufi ya kwanza ya jina, inatupa irabu, kisha inageuza konsonanti kuwa tarakimu tatu. Tujaribu. Zainabu na Zainab wote wanatoka Z510. Vizuri. Mohamed na Muhammad wote ni M530. Vizuri tena. Sasa Hamisi ni H520, Khamis ni K520. Herufi ya kwanza haifanani, basi kwa Soundex hao si jamaa. Na Hamza? H520, sawasawa na Hamisi.

Kwa hiyo kanuni hiyo inawatenganisha wenye jina moja na kuwakutanisha wasiohusiana. Kama majina yako hayana asili ya Kiingereza, izime. Gramps inakupa kisanduku cha kuiwasha au kuizima waziwazi. Nikiizima, huanza na ukali wa chini ili wapatikane wengi, hata kama nusu yao ni wa kukataa. Jozi usiyoonyeshwa huwezi kuikataa wala kuikubali.

Shida ya pili ni koo zisizo na jina la ukoo la kudumu, ambapo jina la mwisho ni la baba na linabadilika kila kizazi. Programu inayolipa jina la mwisho uzito mkubwa itaona ndugu wa baba mmoja wanafanana mno, na baba na mwana hawafanani kabisa. Hapo tegemea wazazi na wenzi zaidi ya majina. Mkiwa na Zainab wawili, wote mume wao ni yule yule na mtoto wa kwanza ni yule yule, hiyo ni hoja nzito kuliko herufi.

Na usisahau kwamba yapo majina yanayofanana kihalali. Mtoto anafariki, anayefuata anapewa jina lile lile. Mjukuu anaitwa kwa babu yake. Programu itawaleta kama jozi yenye alama za juu kabisa, na ukiwaunganisha, mtoto mmoja anafutika kwenye historia ya ukoo bila kelele. Legacy na RootsMagic zinakuruhusu kuweka alama kwamba watu hawa wawili si mmoja, ili wasikurudie. Gramps hujenga orodha upya kila unapoianzisha zana, hivyo jozi ile ile utakutana nayo tena kesho. Ni jambo dogo linaloudhi sana kwenye faili kubwa.

Faili zilizotoka kwenye asili moja

Kama faili zenu ni za shina moja na hamjabadilisha programu, Legacy ndiyo ya kuangalia kwanza. Ndani yake kila mtu ana kitambulisho cha kipekee kisichoonekana, kinachobaki naye hata faili ikinakiliwa. Zana yake ya IntelliMerge hutumia kitambulisho hicho kuwaunganisha waliokuwa mtu mmoja tangu mwanzo, bila kubahatisha majina. RootsMagic nayo imekuwa na hatua ya namna hiyo kwa rekodi zilizoanza zikiwa moja.

Masharti ni kwamba kitambulisho kiwe kimesalimika. Faili ikiwa imepitia programu tatu na tovuti mbili njiani, huenda hakipo. Fungua GEDCOM, tafuta mistari ya _UID. Kama ipo kwenye faili zote mbili na inafanana, una bahati. Toleo la 7.0 limeingiza kitambulisho cha aina hii kwenye kanuni rasmi, UID bila mstari wa chini mbele. Kabla ya hapo kila programu ilikuwa na desturi yake.

Tahadhari moja: kitambulisho kinathibitisha kwamba mtu ni yule yule, hakithibitishi kwamba binamu yako hakumbadilisha. Akisahihisha tarehe ya kifo upande wake, muungano wa moja kwa moja utakuacha na tarehe mbili. Pitia waliounganishwa, hata kwa haraka.

Kinachopotea njiani

Taarifa zinazogongana kila programu huzishughulikia kwa namna yake. Family Tree Maker huita moja ya mbele na zilizobaki mbadala. RootsMagic hubeba zote na kukuachia kisanduku cha kuonyesha iliyo kuu. Legacy ina nafasi moja tu ya kuzaliwa na moja ya kifo kwenye ukurasa wa mtu, hivyo ya pili inageuka tukio la kando. Sioni ubaya katika yoyote kati ya hizo.

Ubaya uko kwenye uhamisho wenyewe. Katika GEDCOM 5.5.1 picha haimo ndani ya faili. Kilichomo ni njia ya kuifikia kwenye kompyuta ya mwenye nayo. Ukiipokea faili bila folda ya picha umepokea orodha ya majina ya picha. Toleo la 7.0 lina umbo la kifurushi linalobeba vyote, lakini hakikisha programu zote mbili zinalifahamu. Mkiwa wote mnatumia Gramps, msipitie GEDCOM kabisa: tumianeni kifurushi chake cha .gpkg, kinachobeba data na picha pamoja. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa programu yoyote. Mkiwa na programu moja, tumieni umbizo lake la asili.

Vyanzo vilivyojengwa kwa violezo vya RootsMagic vikifika kwengine huwa maandishi ya kawaida. Mashahidi wa ndoa waliounganishwa na tukio hilo wanaweza kuachwa. Mahali napo: Gramps hupanga mahali kwa ngazi, mtaa ndani ya mji, mji ndani ya mkoa, lakini GEDCOM inaleta mstari mmoja uliotenganishwa kwa koma, na matokeo yake ni mji mmoja kuonekana mara tano kwa maandishi tofauti kidogo. Tenga muda wa kusafisha mahali baada ya watu, si kabla.

Kuhusu mpangilio wa kazi, anza na wazazi kabla ya watoto. Ukiwaunganisha mume na mke kwanza, watoto wa pande zote mbili wanakuja chini ya wazazi wale wale, na waliojirudia unawaona wamekaa bega kwa bega kwenye orodha moja. Ukianza na watoto, utapata mtu mwenye jozi mbili za wazazi na hutajua ilikuwaje.

Na bekapu. Fanya ya faili zote mbili kabla ya kugusa chochote, kisha nyingine kila unapomaliza tawi. Gramps ina historia ya kutendua lakini ni ya kikao hicho tu. Ukifunga programu, imekwenda. Kumtenganisha mtu aliyekwisha kuunganishwa na kufanyiwa marekebisho kwa wiki nzima ni kazi ya mikono, programu yoyote ile.

Kama mngeacha kuwa na faili mbili

Kuna njia inayokwepa suala zima. webtrees huwekwa kwenye seva, na ndugu wote wanaandika kwenye mti mmoja kupitia kivinjari. Mabadiliko yanaweza kusubiri idhini ya msimamizi, jambo linalotuliza roho pale ambapo mmoja wenu ana bidii kupita ushahidi. Inaweza kubeba miti kadhaa kwa pamoja na kuiunganisha, na huhifadhi rekodi kama GEDCOM yenyewe, hivyo lebo ngeni za programu nyingine, kama _UID, hazitupwi. Gharama yake ni kwamba mtu lazima aitunze seva. Bila mtu huyo, msianze.

FamilySearch ni kitu kingine tena. Ni mti mmoja wa dunia nzima. Unapounganisha watu wawili unawaona kwenye safu mbili, unaandika sababu, na historia ya mabadiliko inaruhusu muungano kurudishwa nyuma. Waliofariki ndio wanaoonekana kwa wote. Walio hai hubaki kwenye eneo binafsi. Lakini mti si wako. Mgeni anaweza kumbadilisha bibi yako leo usiku kwa nia njema kabisa. Ni mahali pazuri pa kukutana na jamaa, ila nakala yako ya kazi ibaki kwenye kompyuta yako.

Ningechukua ipi

Faili za shina moja, nyote Legacy au nyote RootsMagic: baki hapo hapo, tumia vitambulisho. Faili zisizo na asili moja, na unachotaka ni tawi moja: RootsMagic kwa kuburuta, au Legacy ukipenda kuona miti miwili kwenye skrini moja. Unataka kuamua kila taarifa kabla haijaingia, na faili si kubwa mno: Family Tree Maker. Unatumia Linux, au unajali vyanzo kiasi cha kutaka kusafisha kila tukio kwa mkono: Gramps, ukijua kwamba siku ya kuunganisha itazaa wiki za kusafisha.

Ukishamaliza, mpe binamu yako faili mpya katika umbizo la programu mnayotumia, picha zikiwemo, na mkubaliane siku ambayo ile ya zamani inafungwa. Akiendelea kuongeza watu kwenye nakala yake ya zamani kwa kuwa ameizoea, mtarudia kazi hii yote, na safari hiyo mtakuwa na majina mbadala maradufu ya kusafisha.